Mshipi wa Babu Bado Unavua: Vidokezo kwa Mvuvi Mzee na Mrithi Wake

Shuka alfajiri kwenye diko lolote la mwambao, Kigombe, Nungwi, Shimoni au Kipini, utamkuta. Mzee wa miaka sabini na ushei, kofia imepauka kwa jua, kikapu begani, suruali imekunjwa hadi magotini. Serikali humstaafisha mtumishi wake akifika miaka 60. Bahari haina barua ya kustaafu. Watoto walioko mjini wanampigia simu kumsihi apumzike. Anaitikia "inshallah", na kesho yake yuko palepale majini.

Vidokezo hivi ni vya mzee huyo, na vya yule atakayeachiwa kikapu chake. Msimamo wangu nautoa mapema nisije nikasingiziwa: mzee asikatazwe bahari, ila abadili namna ya kuiendea. Na kifaa cha urithi kiendelee kufanya kazi maadamu kinaweza.

1. Chagua maji yako

Kijana huenda baharini siku yoyote apatapo chambo. Mzee achague. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya mwambao wetu hupanda na kushuka hata mita 4, na mkondo unakimbia. Mkondo ukikimbia unahitaji chubwi nzito ili mshipi ufike chini, na chubwi nzito ina mtu wa kuivuta kurudi juu, pima baada ya pima, kwa mabega yaleyale yaliyovuta tangu ujana. Ngoja maji mafu. Mkondo unalegea, chubwi ndogo inatosha, na mkono unasikia hata changu mdogo akidonoa.

Misimu nayo. Kaskazi ni rafiki wa mzee kuliko kusi, na Juni hadi Agosti, kusi inapovuma kwa ghadhabu, ni wakati mzuri wa kukaa barazani kufunga ndoana na kusimulia samaki waliokatika. Siku ya kwenda, toka na umande wa alfajiri, rudi kabla jua halijafika utosini.

2. Usiende peke yako

Hata kama umekwenda peke yako miaka yote. Chukua mjukuu, chukua jirani, chukua yeyote ajuaye kupiga kafi. Simu uifunge ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji na uivae shingoni, isikae kwenye kikapu ambacho ndicho kitakachozama kwanza. Halafu kuna jaketi la kuokolea, ambalo wazee wengi huliona ni vazi la watalii. Nimesikia mashauri haya ufukweni:

"Babu, vaa jaketi."

"Linanibana kwapani, bwana."

"Basi leo hatwendi. Mimi ndiye mwenye kafi."

Babu alivaa. Wajukuu, hilo ndilo fundisho lenu: shikeni kafi kwanza, nasaha baadaye.

3. Mwambie daktari kwamba wewe ni mvuvi

Wazee wakifika kliniki wakiulizwa kazi, hujibu "nipo tu nyumbani". Hapana. Sema unavua, na sema unakaa juani saa ngapi. Baadhi ya dawa za presha huondoa maji mwilini, na mtu anayekaa juani asubuhi nzima kwa kidumu cha maji nusu lita anajitafutia kizunguzungu mahali pasipo pa kuangukia. Usiziache dawa, uliza namna ya kuzipanga na safari zako.

Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi na vidole na nyayo. Uzi wa nailoni unapokimbia na nguru hukata nyama ya kidole, na kidonda cha mwenye sukari hakina haraka ya kupona. Kata mipira ya tairi ya ndani ya baiskeli, vaa vidoleni. Miguuni vaa viatu vya plastiki vilivyofunikwa vidole, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba wa urumbu hadi umeshavimba. Ukichomwa na taa, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri ya kuvumilika, yasiyounguza, kisha nenda hospitali. Mtu mwingine ayajaribu maji kwa mkono wake kwanza, hasa kama mguu una ganzi.

Macho: mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji wa muda mfupi, na wako wazee waliokwisha kuikatia tamaa ndoana namba 12 ambao leo wanaipitisha uzi wenyewe. Kabla ya hapo, inua tundu la ndoana ulielekeze kwenye mbingu nyeupe, si kwenye maji. Utaliona.

4. Elewa ni kitu gani hasa ulichorithi

Hapa ningependa tukae kidogo.

Fungua kikapu cha mvuvi wa mshipi. Nailoni ameinunua mwaka juzi. Ndoana ni za mwaka huu, maana maji ya chumvi hayasamehe chuma. Vinavyobaki vya baba yake ni viwili: kibao cha kukunjia mshipi na chubwi. Kibao kimelika kiunoni kwa nyuzi za vizazi viwili, mti umekuwa laini pale kidole gumba kinapokaa. Chubwi ina mikwaruzo ya matumbawe na alama ndogo za meno karibu na tundu (habari za meno zinakuja kwenye kidokezo cha 6). Dukani vitu hivi havina bei. Lakini ile chubwi ilipimwa kwa mwamba fulani na kina fulani, na mwenye kuijua anaitoa siku ya mwamba huo tu.

Dema ni mfano mkali zaidi. Mianzi na fito huoza baharini, kwa hiyo hakuna aliyewahi kurithi dema la babu yake. Alichorithi ni mkono: ukubwa wa jicho, mwinamo wa mlango unaomruhusu tafi kuingia na kumkatalia kutoka, mahali pa kufunga mawe. Baba akifa bila kusuka dema moja mbele ya mwanawe, hakuna kilichorithiwa hata kama stoo imejaa mianzi.

Na kama umeachiwa mshipi wa zamani kweli, wa pamba, umeshika kitu adimu. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1938 na ikaenea kwa wavuvi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kabla yake nyuzi zilikuwa za pamba na katani, na nyuzi na nyavu zilitiwa maji ya magome ya mikoko ili zisioze. Ile rangi ya kahawia iliyokolea ndiyo hiyo. Mshipi wa namna hii usiuvulie tena, utakatika. Uhifadhi mahali pakavu pasipo na panya, uwaonyeshe watoto.

Kuna watakaouona mshipi ni chombo cha wanyonge. Wakumbushwe kwamba silikanti wa pili kufika mikononi mwa wataalamu, samaki ambaye kabla ya 1938 walidhani ametoweka duniani tangu zama za dinosaria, alivuliwa kwa mshipi wa mkono huko Komoro mwezi Desemba 1952.

5. Maji baridi, kivuli, kitambaa chenye mafuta

Utunzaji hauna siri. Ukirudi, suuza mshipi kwa maji yasiyo ya chumvi, anika kivulini, kunja ukiwa mkavu. Jua huiua nailoni kimyakimya: uzi unaonekana mzima, lakini ukiuvuta kwa ghafla unakatika. Kwa hiyo kila baada ya wiki chache vuta urefu wa pima moja kwa nguvu. Ukikatika kirahisi, tupa, tena tupa jaani baada ya kuukatakata, usiuache ufukweni ukaja kunasa kasa.

Ndoana zifungie kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta kidogo. Nyingi utakazozikuta kwenye mikebe ya wazee zina jina la Mustad, kampuni ya Norway ambayo tangu 1877 ilikuwa na mashine ya kutengeneza ndoana. Mrithi mgeni asichanganyikiwe na namba: namba ikikua, ndoana inapungua, kwa hiyo namba 8 ni kubwa kuliko namba 12. Ukizipita hizo ukafika kwenye zile zenye sufuri, 1/0, 2/0, 5/0, mambo yanageuka na namba ikikua ndoana nayo inakua. Ndoana yenye kutu ya juujuu inoe kwa tupa. Yenye kutu iliyochimba, iage.

6. Risasi haitafunwi

Zile alama za meno. Wavuvi wengi hukaza risasi ndogo kwenye uzi kwa kuiuma, na wengine huiyeyusha nyuma ya nyumba, mara nyingi kwa madini yaliyotolewa kwenye betri za gari, ndani ya sufuria ambayo kesho inarudi jikoni. Risasi ni sumu, na humdhuru mtoto mdogo zaidi kuliko mtu mzima: akili yake ndiyo inayoumia. Tumia koleo. Nawa mikono kabla ya kula. Usiyeyushe nyumbani kabisa, sembuse mbele ya wajukuu. Chubwi ya babu inatosha kuishika, usizae nyingine.

7. Rili ya nahodha aliyestaafu

Malindi, Watamu na Shimoni kuna urithi wa aina nyingine. Uvuvi wa mchezo wa samaki wakubwa una historia ndefu huko. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway mwenyewe alivua maji ya Malindi mwaka 1934. Watalii walikuja na kuondoka, lakini waliojua wapi sansuri hupita ni manahodha na mabaharia wa pale, na wengi wao walipewa au waliuziwa rili kuukuu na wenye boti. Zikaishia makabatini mwao, na sasa ziko kwa watoto.

Ukikuta moja imeandikwa Penn, imetoka kwa kampuni iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1932 na Otto Henze, mhamiaji kutoka Ujerumani. Ile nzito nyeusi iitwayo Senator ilianza kuuzwa 1936, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo, ndiyo maana ya zamani bado inaweza kutengenezeka. Legeza breki kabla ya kuihifadhi, ama sivyo washa zitagandana. Suuza kwa maji baridi yanayotiririka polepole; maji ya kasi husukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Fungua skrubu kwa bisibisi inayoenea sawasawa, panga kila kipande kwenye gazeti kwa mfuatano ulioutoa, piga picha kwa simu. Futa grisi iliyoganda, paka mpya kidogo. Mabamba ya pembeni hayavumilii kuanguka sakafuni.

Usiing'arishe mpaka ionekane mpya. Wakusanyaji wa vitu vya kale wa Ulaya na Marekani hulipa zaidi kwa kitu chenye uso wake wa asili. Na atokeapo mtu hotelini akakupa bei papo hapo kabla hujamaliza kumwonyesha, jua bei hiyo ni ndogo.

8. Karabai

Wavuvi wa dagaa na ngisi, baharini na kwenye maziwa, wanaijua. Leo taa za sola zimeichukua kazi, na mimi siililii sana: karabai inakula mafuta ya taa, inalipuka ikipampiwa ovyo, na kile kifuko cheupe kinachowaka ndani yake kwa muda mrefu kilitengenezwa kwa thoriamu, madini yenye mionzi kidogo. Ukirithi karabai ya zamani, kama ile ya Petromax ya Kijerumani, toa mabaki ya kifuko kwa kitambaa kibichi bila kuyapuliza, yafunge, yatupe. Kisha iweke juu ya kabati. Hii moja naikubalia kuwa pambo.

9. Si kila urithi ni halali

Babu alivua kwa alichokuwa nacho; sheria ya leo ina maneno mengine. Kenya ilipiga marufuku juya na bunduki za mishale mwaka 2001. Tanzania imekataza juya, baruti na sumu, utupa wa wazee ukiwemo. Kabla hujafungua ule wavu uliokuta darini, pita kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) au kamati ya wavuvi ya shehia uulize macho yake yanaruhusiwa. Ukikamatwa nao, "ni wa marehemu baba" haitakusaidia.

Dema halali nalo linaweza kuboreshwa. Kwenye pwani ya Kenya watafiti na wavuvi wamejaribu madema yenye mwanya mwembamba wa kusimama, upana wa sentimita 3 hivi, wa kuwaachia samaki wachanga watoroke. Mzee atanung'unika kwamba hajawahi kumfungulia samaki mlango. Mwambie wale wadogo ndio atakaowavua akifika miaka themanini.

Na bibi mwenye chuma chake cha pweza yumo humuhumu. Chuma cha mama yake, kilichonyooshwa mara nyingi kwenye jiwe, kinavua vizuri zaidi katika vijiji vya Unguja na Pemba vinavyofunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Pweza hukua haraka. Siku ya kufungua, kwa kuvumilia, bibi anabeba mkubwa.

10. Ngalawa ya urithi: gonga kabla ya kupanda

Gogo la mwembe halidumu milele. Pita na kipini cha kisu, gonga ubavu mzima toka omo hadi tezi. Sauti ngumu ni salama. Sauti ya kitu kitupu ina maana kuoza au mdudu atoboaye mbao. Wazee walimuua mdudu huyo kwa kukipandisha chombo ufukweni na kukichoma kwa moto wa makuti kwa juujuu, kisha wakapaka deheni ya shahamu na chokaa chini, na sifa ya papa juu. Harufu ya sifa haina mshindani, nakiri, lakini mbao haipasuki. Kagua pia kamba za matengo. Na mzee asisukume ngalawa mchangani: hapo ndipo viuno vinapovunjikia. Vijana wapo, watiwe chai.

11. Okoa alama kabla hazijakatwa

Mwamba mzuri hauna kibao. Mzee anaupata kwa kulinganisha vitu vya nchi kavu: mnara wa msikiti ukae juu ya mbuyu, na ncha ya kisiwa iguse mwisho wa mikoko. Alama hizo ziko kichwani mwake tu, na zinapotea kwa njia mbili. Mzee anaondoka, au mbuyu unakatwa na hoteli inajengwa mbele ya mnara.

Nenda naye siku ya maji mafu, mkiwa juu ya mwamba weka alama kwenye ramani ya simu, andika jina analouita yeye, kina kwa pima, chambo, na mwezi ambao chewa huwapo. Usiitume kwenye kundi la familia. Nimeona miamba iliyomalizwa na ukarimu wa namna hiyo.

12. Gawa ukiwa hai

Hiki wengi hukikwepa. Baba akifariki, kikapu, rili, ngalawa na hata chubwi ni mirathi, na kila mrithi ana fungu lake, pamoja na dada aliyeolewa Muscat ambaye hajashika mshipi tangu utotoni. Kwa sisi Waislamu wasia hauvuki theluthi ya mali, na hauwezi kumwendea mrithi ila wenzake wakiridhia. Kwa hiyo kumnong'oneza mwanao "ngalawa hii ni yako nikifa" hakutoshi, na ndugu wamekwisha kupelekana kwa Kadhi kwa kitu kidogo kuliko ngalawa.

Iliyo rahisi ni hiba: mpe ukiwa hai na mwenye afya, apokee, na umkabidhi kweli. Ukingoja maradhi ya mauti, itahesabiwa kama wasia. Asiye Mwislamu naye aandike wosia wake mbele ya mashahidi na ataje kifaa kwa jina, maana "vyombo vyangu vya uvuvi" ni maneno yanayozaa kesi.

Basi mzee wangu, tafuta mashahidi wawili, mwite mjukuu yule anayekupigia kafi, umkabidhi kikapu kizima. Kesho yake asubuhi mwombe akuazime, twende zetu baharini.